Invata Haivalishwi Kitambaa

Kabla hujaniambia habari ya tivi yako ya ukutani na taa zako za solar, kijana, nijibu kwanza: betri umeiweka wapi? Chini ya kitanda? Nilijua tu. Na invata je? Juu ya betri. Na juu ya invata kuna nini? Usinidanganye mimi. Kuna kitambaa. Mama yako amekishona kwa mkono, cheupe, kina maua pembeni, akakiweka hapo kwa sababu katika nyumba ya watu wenye adabu kitu cha maana hakikai uchi.

Kitoe. Nenda ukitoe sasa hivi, halafu urudi tuongee. Nitangoja.

Jina langu ni Chepng'eno. Nilikuwa fundi wa redio, betri na invata pale soko la Ndanai, mwanamke peke yangu katikati ya wanaume waliokuwa wakiniuliza bwanangu yuko wapi kila nikishika bisibisi. Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa, macho yanataka miwani miwili, lakini mdomo uko sawa. Sikuja hapa kukubembeleza, wewe na vijana wenzako hapo. Nataka mfanye vile ninasema, kwa sababu nimeona vile inakuwa mtu asipofanya.

Miaka ya tisini, ukitoka kwenye lami ukashuka upande wetu, stima ilikuwa kitu cha kuangalia kwa mbali. Tuliona taa za kiwanda cha majani chai ng'ambo ya bonde, basi. Nyumbani tulikuwa na betri ya gari. Ilipandishwa juu ya punda pamoja na mitungi ya maziwa, maziwa yakashushwa kwenye deari, betri ikaletwa kwangu kuchajiwa, jioni punda akarudi nayo. Betri hiyo iliendesha redio na tivi ndogo ya rangi nyeusi na nyeupe, na watu walishukuru Mungu. Halafu invata zikaanza kuingia. Madereva walizileta kutoka Nairobi zikiwa kwenye maboksi yenye maandishi ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, na kila mtu akaja mbio kwangu: fundi, niunganishie.

Invata ni kitu rahisi kueleza. Inachukua nguvu ya betri, ambayo ni pole, inaigeuza kuwa stima kama ya ukutani. Sikiliza hapo mwisho: kama ya ukutani. Ukishika waya za betri kwa mkono mkavu hutasikia kitu. Ukishika waya zinazotoka upande wa pili wa hicho kisanduku, utazikwa. Watu walikuwa wanadharau, ati "si ni betri tu?" Hapana. Ikishapita pale ndani si betri tena.

Aliyenifundisha ni Mzee Momanyi, Mkisii aliyekuja kwetu kufanya kazi ya umeme kiwandani, akastaafu, akafungua kibanda sokoni badala ya kurudi kwao. Mtu wa maneno machache sana. Siku yangu ya kwanza alinitazama mikono akasema, "Hiyo pete ni ya nani?"

"Ya bwanangu."

"Toa. Weka mfukoni. Hutaki kumpelekea bwana yako mke asiye na kidole."

Nilifikiri ni utani. Akanionyesha kidole chake mwenyewe. Kilikuwa na kovu limekizunguka pande zote, kama mtu aliyefungwa kamba. Ujana wake alikuwa anafungua betri ya trekta na spana, pete ikagusa spana upande mmoja na chuma cha trekta upande mwingine. Pete iligeuka nyekundu ikiwa bado kidoleni. Tangu siku hiyo sikuwahi kukaribia betri na pete, bangili wala mkufu, na hata sasa nikienda kanisani na pete najihisi nimevaa ya mtu mwingine.

Momanyi alinifundisha kuunganisha chanya kwanza, hasi mwisho. Na wakati wa kutoa, hasi kwanza. Fyuzi inakaa karibu na betri, si karibu na kitu kingine chochote. Betri ikipungua maji unaongeza maji ya betri, si asidi, hata kama jirani yako anajua kuliko fundi. Na neno alilolipenda lilikuwa moja: "Kimoja kimoja." Unawasha invata kwanza ikiwa haijabeba kitu. Unangoja. Unawasha tivi. Unangoja. Halafu kile kingine. Nikiharakisha alinipiga kofi la mgongoni kwa kitambaa cha kupangusia grisi.

Nililia mara ngapi kwa sababu ya huyo mzee! Na bado nikisikia mtu anasema fundi mzuri anazaliwa hivyo, nataka kumtupia kiatu. Fundi anatengenezwa, na kutengenezwa kunauma.

Ngoja niwaambie habari ya kinyozi wa Sigor, mcheke kidogo, kwa sababu baadaye hamtacheka. Huyu kijana alinunua invata ndogo ili awache makasi na aanze kunyoa kwa mashine. Nikampa waya wa kutoka betri hadi invata: mnene, mfupi, kama urefu wa mkono. Akaona haumfai. Alitaka betri ikae huko nje nyuma ya ukuta wateja wasiione, wafikiri ana stima. Akatafuta waya mwembamba, kama wa kengele ya mlangoni, akauvuta kutoka nje mpaka ndani.

Siku ya soko akamkalisha mzee mmoja aliyekuwa anaelekea koito, kule kwenda kuongea mambo ya mahari ya mwanawe. Mzee kanyolewa upande wa kulia, safi. Waya ukashika moto, plastiki ikaanza kudondoka, mashine ikanyamaza. Makasi? Kijana alikuwa ameshayauza! Mzee alienda kwa wakwe na kofia, na mnajua kwetu kofia inatolewa maombi yakianza. Alipoombwa kuitoa ilibidi aeleze. Niliambiwa wakwe walicheka mpaka mambo yakawa rahisi, lakini yeye hakumsamehe kinyozi hadi nywele zikamea.

Kwa hivyo shikeni hili: upande wa betri, waya mnene na mfupi. Ukitaka kufika mbali, vuta ekstensheni upande wa stima. Na vitu vya moto, pasi, birika, koili ya kuchemshia maji, wacheni kabisa. Mkaa upo. Invata ndogo haina nguvu ya kupasha maji ya chai, hata uiimbie.

Nilikuwa na sheria yangu moja. Nyumba isiyotaka kunisikiliza, siiungi. Nilikosana na watu wengi kwa hiyo sheria. Waliniita mkali, wakaniita mwanaume. Sawa. Sasa nitawaambia siku ambayo karibu wanifukuze na mawe.

Juu ya Ndanai, ng'ambo ya mto, kulikuwa na mama mjane tuliyemwita Bot Kibet, yaani mama yake Kibet, kama ilivyo desturi yetu. Kibet ndiye alikuwa mtoto wake wa pekee. Alienda Uingereza kusoma, akabaki kufanya kazi, na huko gari likamgonga akafa. Mambo ya kumrudisha nyumbani yakashindikana kabisa. Wenzake wa huko wakamzika, wakapiga picha za video, wakamtuma mtu aliyekuwa anarudi na kaseti moja. Moja tu. Hakukuwa na nyingine mahali popote.

Bot Kibet alikataa. Akina mama wa kanisa walipokuja na pole aliwaambia, "Mnanipa pole ya nini? Nani ameona kaburi?" Hakulia. Hakukubali mtu awashe moto wa kupikia waombolezaji. Alisema pale kwake hakuna matanga, kwa hivyo hakuna chakula cha matanga. Watu walikuja wakakaa wakaenda na njaa. Na yeye mwenyewe alikuwa anaisha. Mara ya mwisho nilipomwona sokoni, mikono ilikuwa imebaki mifupa na ngozi, na akaniuliza kama redio zangu zinaweza kushika Uingereza, amsikie Kibet. Niligeuka upande nikajifanya natafuta kitu.

Shemeji yake, Arap Rono, mzee wa sauti kubwa na roho nzuri, akaamua kwamba lazima aone ile kaseti. Wakataka kumpeleka Sotik, mahali penye stima. Akakataa tena. "Mtoto wangu atafika kwake," alisema. "Sitaenda kumwona kwa nyumba ya watu." Basi Arap Rono akaazima tivi ya rangi, akaazima invata, akatafuta mtu wa kuleta deki ya video, na akaja kwangu.

"Fundi," aliniambia, "huyu mama tutampoteza. Fanya hii kitu ifanye kazi."

Nikasema nitafanya. Nilienda mwenyewe na betri iliyokuwa imetoka kwenye chaji asubuhi hiyo hiyo. Niliiweka barazani juu ya ubao, na invata kando yake, mahali pana hewa, nikapitisha ekstensheni dirishani mpaka kwenye tivi. Betri ikitoka kwenye chaji bado inapumua, na ile pumzi yake inashika moto kuliko petroli. Haiingizwi ndani ya nyumba. Niliwaambia wote, msiguse. Halafu nikapanda mpaka barabarani kungoja deki.

Mnajua mvua yetu. Haikosi mchana. Ilinikuta njiani nikirudi, deki nimeifunika kwa aproni ya plastiki ya kuchumia majani, mimi mwenyewe nimelowa chapachapa. Nikaingia mbio bila kutazama barazani, nikakuta nyumba imejaa mpaka mlangoni. Madirisha yamefungwa. Mbele, meza imetandikwa kitambaa cheupe kinachofika sakafuni, juu yake picha ya Kibet na mshumaa unawaka. Tivi iko kando kwenye stuli, wameshaiwasha. Bot Kibet amekaa kwenye kiti cha mbele, mgongo umenyooka, mikono magotini.

Niliunganisha deki, nikaingiza kaseti. Picha ikaja. Watu wamevaa makoti mazito, wanaimba wimbo wa lugha yetu katika nchi ya baridi. Nyumba nzima ikavuta pumzi. Likaja jeneza limebebwa mabegani.

Halafu nikasikia feni ya invata. Nilikuwa nimeiacha nje, lakini sauti ilitoka pale miguuni mwangu. Ilikuwa inalia kwa kukwama, kama mtu aliyefunikwa mdomo. Na kulikuwa na harufu ya plastiki.

Niliinua kitambaa cha meza. Mvua ilipoanza, watu wema walikuwa wamebeba betri na invata wakaziingiza ndani zisilowe, wakazisukuma chini ya ile meza. Na juu ya invata palikuwa na kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kimekunjwa mara mbili, kimeziba kila tundu. Bot Kibet ndiye alikiweka. Kile kisanduku ndicho kilikuwa kinamleta mwanawe nyumbani, angekiachaje uchi? Na juu ya yote hayo, mshumaa, na mlango umefungwa, na watoto wamekaa sakafuni mbele kabisa.

Nilipuliza mshumaa. Nikasimamisha deki, nikazima tivi. Giza.

"Fungueni mlango! Madirisha yote! Watoto nje, sasa!"

"We mama!" Arap Rono aliruka. "Unazima mazishi?"

"Nazima invata, mzee. Mazishi yatangoja."

"Haiya! Mtu amefika kaburini na wewe unamrudisha? Washa hiyo kitu!"

"Siwashi."

"Nimesema washa!"

"Na mimi nimesema siwashi. Niue kama unataka, lakini kwanza toa watoto."

Wanaume walisimama. Mmoja alinishika bega. Nilikuwa nimekaa chini mbele ya ile meza na sikuwa natoka. Hata klipu za betri sikuzigusa, maana klipu ikitoka inaruka cheche, na cheche ndiyo sikutaka mpaka upepo upite. Nilizima invata kwa swichi yake. Watu wakatoka kwenye mvua wakinung'unika. Bot Kibet peke yake hakutoka. Alikuwa ananitazama.

"Umemfungia mwanangu njiani," alisema, pole pole.

Ooi, vijana. Nimetukanwa na walevi, nimetukanwa na madereva, hakuna neno lililonipiga kama hilo. Nilitaka kumwambia habari ya hewa ya betri na cheche. Nikaona ni maneno ya bure kwake. Nikamshika mikono.

"Bot Kibet, nitamfikisha. Lakini atafika kwa nyumba isiyo na hatari. Hutaki awakute hawa watoto wameungua."

Aliangalia pale sakafuni walipokuwa wamekaa watoto. Kisha yeye mwenyewe akainama, akakitoa kile kitambaa juu ya invata, akakikunja.

Upepo ulipopita vya kutosha nikatoa hasi, nikatoa chanya, nikabeba betri nje. Baraza lilikuwa linanyeshewa upande mmoja. Niliweka vitu vyote juu ya benchi, ukutani kabisa, lakini upepo ulikuwa unageuza mvua huku na huku. Arap Rono alikuwa amesimama pale na mwavuli wake, bado amenuna.

"Mzee," nilimwambia, "nataka mtu wa kushika mwavuli hapa juu ya invata. Asiguse kitu. Asimame tu mpaka mwisho. Na hapa hataona tivi."

Alinitazama, akatazama ndani kwa shemeji yake. Akatoa kofia, akaiweka kwapani, akafungua mwavuli. "Fanya kazi yako," alisema.

Niliipima invata kwa nyuma ya mkono mpaka ikapoa. Nikainusa, haikuwa imeungua ndani. Chanya, hasi. Nikaiwasha haijabeba kitu, nikangoja. Watu walikuwa wamerudi ndani, milango wazi, baridi inaingia. Tivi. Nikangoja. Deki. Mikono ilikuwa inataka kuharakisha, nikaikataza.

Jeneza likarudi mabegani. Likateremshwa. Wale vijana wa makoti wakaanza kuokota udongo, mmoja mmoja, wakatupa.

Bot Kibet alisimama, akatoka nje kwenye mvua. Tulifikiri ameshindwa. Akarudi na udongo mkononi, mwekundu, umelowa maji, ameuchota chini ya majani chai yake mlangoni. Alienda moja kwa moja kwenye tivi.

Tivi za wakati ule zilikuwa na matundu juu. Udongo wa maji, na ndani yake stima inayoua. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kumkataza. Badala yake nilibonyeza deki, picha ikasimama hapo hapo kaburini. Kaseti ikisimama mahali pamoja, kichwa cha deki kinaisugua, na nilikuwa nimeapa sitamruhusu mtu yeyote aisimamishe kaseti ile. Nilivua koti langu la kazi, nikalitandika sakafuni mbele ya tivi.

"Hapa, mama," nikamwambia. "Kaburi liko hapa."

Alipiga magoti. Aliachia ule udongo kidogo kidogo, mpaka mkono ukabaki mtupu.

"Huu ni wa kwenu, Kibet," alisema. "Lala."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti iliyotoka mbali, na wanawake wakamshika, na wengine wakatoka kwenda kuchota udongo wao, wakaja wakatupa kwenye lile koti. Picha ilikuwa inatetemeka kwenye tivi lakini haikutoka. Mimi niliweka kidole kwenye deki na machozi yananishuka, sikuwa na mkono wa kuyapangusa. Dirishani nilimwona Arap Rono, mwavuli juu ya invata, mvua yote inamshukia yeye.

Nikaiachia kaseti ikaendelea, ilipofika mwisho nikazima. Deki, tivi, invata, kimoja kimoja. Watu walikuwa wamesimama tu, wamelowa, wanamtazama Bot Kibet aliyekaa sakafuni kando ya koti langu. Alijipangusa uso kwa viganja, akatuangalia mmoja baada ya mwingine kana kwamba ndiyo kwanza anatuona tumeingia.

"Mbona mmesimama?" alisema. "Tumezika. Washeni moto, wekeni sufuria kubwa. Watu wa matanga hawajala."